Kadi yenye Uso wa Honorable

Tshilombo alikuwa nyuma ya nyumba, suruali magotini, anaminya mfuko wa mkojo juu ya beseni. Mkojo ulitoka polepole, mweusi kama chai iliyolala. Mke wake Mbelu alishika beseni kwa mikono miwili na kuangalia upande wa mihogo ya jirani, kwa heshima tu, maana hakuna alichokuwa hajakiona.

"Inanuka," alisema.

"Ni mukojo, mama. Ulitaka inuke nini, marashi?"

"Inanuka kupita ya jana, Papa Ngalula. Hiyo njo nasema."

Ngalula ni binti yao wa kwanza. Alibaki Mbuji-Mayi, kule Kasai, tangu mwaka ule watu wa asili ya huko walipofukuzwa Kamina na kupakiwa kwenye mabehewa kama magunia ya makaa. Wazazi walirudi Kamina, mji walikozaliwa wote wawili. Yeye alisema harudi kupiga hodi kwenye mlango aliofukuzwa.

Mpira wa kutolea mkojo, sonda, uliingia mwilini mwa Tshilombo kabla ya mvua kuanza. Nyama ya uzee, prostate, imeziba njia, infirmier, muuguzi wa hospitali, alimweleza, na dawa ya nyama hiyo ni kisu. Asipopasuliwa, siku moja mpira nao utaziba.

"Na ukiziba?"

Infirmier alianza kuandika kitu ambacho hakikuhitaji kuandikwa.

Tshilombo alikuwa mshonaji. Alishona mfuko wa kitambaa ndani ya mguu wa suruali, chini ya goti, ule wa mkojo ukakaa humo bila kuonekana. Alipotembea alionekana kama mzee mwenye goti bovu, na watu walimwambia pole ya goti. Aliitikia.

Serikali ilikuwa imetangaza: wazee wataingia kwenye bima, watatibiwa na kupasuliwa bila kutoa kitu. Redio ilisema asubuhi, ikasema jioni, kati ya wimbo na tangazo la sabuni. Kilichotakiwa ni mtu kuandikwa kwenye mashine, na mashine iko kwenye ofisi ya serikali, karibu na stesheni.

Tshilombo alikwenda. Alikuta meza, kiti, na juu ya meza alama safi ya mraba katikati ya vumbi. Mtu wa ofisi alikuwa anakula karanga.

"Mashini ilienda ku Fondasyo ya Honorable," alisema. "Kule beko na umeme. Hapa hatuna."

"Na weye unafanya nini hapa?"

"Nalinda ofisi."

Fondasyo, shirika la msaada la Honorable Hénoch, mbunge wa pale, ilikuwa nyumba yenye rangi mpya na jenereta inayonguruma uani. Juu ya mlango waliandika kwa herufi kubwa: MUSAADA YA BURE KWA BAZEE. Chini ya maandishi hayo, uso wa Honorable mwenyewe, mnene, unacheka. Wazee walikaa chini kwenye kivuli cha ukuta. Wengine walitoka mbali, Kabondo-Dianda, Mulongo, wamelala njiani, na bado vumbi la barabara lilikuwa kwenye kope zao.

Ndani alikuwapo Esdras, mwanaume mwenye upara na saa kubwa mkononi. Ile mashine ya serikali ilikuwa mbele yake.

"Papa, weye ni muntu wa wapi?"

"Kamina."

"Nauliza kwenu."

"Kwetu ni Kamina. Nilizaliwa huku ku cité, mama yako hajazaliwa bado."

"Kwenu kabisa, papa. Fasi bankambo yako balitoka."

Tshilombo aliangalia ile saa. Ilikuwa imesimama.

"Kasai," alisema.

"Basi. Ungesema tangu mbele, tungekuwa tulishamaliza." Esdras alibonyeza kitu. "Batu ya Kasai banangojea kidogo. Tunaanza na benyewe ba hapa. Haina mubaya, ni mupango tu. Kazi yako?"

"Mushonaji."

Kidole cha Esdras kilisimama hewani. Alinyanyuka, akaingia chumba cha nyuma, akatoka na Madame Noémie.

Madame Noémie ndiye alikuwa mkubwa wa pale. Alivaa vizuri, aliongea kwa sauti ya chini, na alimshika Tshilombo bega kama watu wanavyoshika kiti wanachotaka kukisogeza.

"Papa Tshilombo, ni Mungu amekuleta. Honorable anakuya. Anataka bazee bake bote babakie bamevaa sawa. Tuko na bikwembe, tunakosa muntu wa kushona."

"Minyi niko mugonjwa, madame. Nilikuya juu ya bima."

"Bima iko. Ukishatushonea, unaingia wa kwanza. Unapita hata hawa ba hapa."

"Na kazi ya kushona?"

"Kazi namna gani?"

"Malipo, madame."

Madame alimtazama kwa huzuni, kama mtu aliyeona mtoto wake akiiba sukari.

"Papa. Hapa byote ni bya bure. Sisi tunakusaidia bure, na weye unataka kulipisha benzako? Bazee kama weye?"

Esdras alitikisa kichwa polepole. Nje, jenereta ilikohoa, ikaendelea.

"Muandike kwanza," Tshilombo alisema. "Jina yangu iingie mu mashini minyi nikiona. Kisha nitashona."

Waliandika. Aliona jina lake likitokea kwenye kioo, herufi moja moja, na kwa mara ya kwanza tangu mvua alihisi njaa ya kweli.

"Na foto?" aliuliza. "Hamunipige foto?"

"Foto iko," Esdras alisema. "Usihangaike na foto."

Vitambaa vililetwa nyumbani kwa pikipiki. Kila kikwembe kilijaa nyuso za Honorable, zimepangwa mistari kama mihogo shambani, na kati ya uso na uso yale maneno ya msaada wa bure. Mbelu alifungua furushi la kwanza, akalifunga tena.

"Hauwezi kukanyaga mashini na ule mupira ndani."

"Nakanyaga kwa mguu. Mupira haiko mu mguu."

"Papa Ngalula."

"Mama, kule lupitalo, kwa banganga, banakata watu kwa bima. Minyi nataka banikate. Sikuwahi kusikia muntu anatafuta kukatwa hivi, lakini njo vile."

Alishona. Mashine yake ilikuwa ya kukanyaga, nzito, na kila alipokanyaga, mguu uliuvuta mpira, na mpira ulivuta kitu ndani ambacho hakikupaswa kuvutwa. Alijaribu kukanyaga kwa mguu mmoja. Alijaribu kukaa upande. Mbelu alikata nyuzi na kushona vifungo. Mkojo ulibadilika rangi. Kwanza kama chai, kisha kama maji yaliyooshea nyama. Tshilombo aliumwaga mwenyewe, kabla mkewe hajaamka, na kufunika pale chini kwa majivu.

Alikata kwa uangalifu, kwa desturi ya kazi yake. Mshonaji mzuri hakati uso. Alihakikisha hakuna pua ya Honorable iliyoangukia kwenye mshono, hakuna jicho lililopita chini ya kwapa. Alijishangaa akifanya hivyo na akaendelea.

Siku ya Honorable, wazee walipangwa pembeni ya barabara inayotoka uwanja wa ndege tangu asubuhi. Wanaume mstari mmoja, wanawake mstari mwingine, mashati na mablauzi mapya yote. Esdras alipita akiwafundisha kupiga makofi.

"Akishuka ku gari, munaimba. Munacheza kidogo. Haina mingi, kiuno tu. Honorable anapenda kuona bazee bake beko na nguvu."

"Tukiwa na nguvu, bima ya nini?" mama mmoja wa Mulongo aliuliza. Alikuwa amesimama miguu imeachana, mkono mmoja umeshika chini ya tumbo.

Wachache walicheka. Esdras hakucheka.

"Mama, weye panda mustari wa nyuma."

Jua lilipanda, likakaa. Gari za Honorable zilifika wakati vivuli vimeanza kulala barabarani. Wazee waliimba. Tshilombo alicheza, alisogeza mabega, kisha, kwa sababu Madame Noémie alimwangalia, akasogeza na kiuno. Kitu cha moto kilishuka kwenye mguu. Mfuko ulikuwa umejaa tangu mchana na hakukuwa na pa kwendea. Alicheza nao. Honorable alipita akigusa mikono kwa vidole vitatu, akisema "Aksanti, bazee, aksanti" bila kuangalia chini, na nyuma yake mpiga picha alitembea kinyumenyume.

Kisha kila mzee alivishwa kadi yenye utepe shingoni. Kadi ngumu, inang'aa. Mbele ilikuwa na uso wa Honorable, unacheka. Jina la mzee lilikuwa chini, dogo, kama jina la kiwanda kwenye kibiriti.

"Hii njo bima?" Tshilombo aliuliza.

"Njo yenyewe," Esdras alisema. "Kesho unaweza kwenda kukatwa."

Hospitali ilikuwa imejaa mashati yake. Alipoingia tu aliyatambua, hata mshono wa kola uliompa shida aliuona kwa mbali. Wazee walikaa kwenye mabenchi, kwenye sakafu, kadi vifuani.

Kwenye dirisha la mapokezi alikaa Gisèle, mwanamke wa makamo, macho mekundu ya kutolala. Alimuuliza ugonjwa, akachukua kadi, akapiga namba kwenye mashine, akageuza kioo ili Tshilombo aone.

Jina: Tshilombo. Picha: Honorable Hénoch.

"Huyu haina weye," Gisèle alisema.

"Jina njo yangu."

"Jina ni yako. Uso haina yako. Bima inalipa muntu wa ku foto." Aliongea bila hasira, kama mtu anayesoma menyu. "Asubuhi huyu Honorable alikuya na presha. Kisha alikuya na hernia. Kisha tena tumbo ya uzazi ilimushuka, ni mama mumoja wa Mulongo. Sasa iko na prostate. Ule mwanaume anateseka."

Mtu nyuma alicheka, kisha akakohoa kuficha kicheko.

"Mama, uniangalie," Tshilombo alisema. "Unaona minyi ni minyi."

"Minyi naona. Mashini haioni. Nikikuingiza, bataniambia nimeiba, na batanikata ku kazi. Weye utakatwa prostate, minyi nitakatwa kazi. Wende ku Fondasyo, babadilishe foto. Ni kubonyeza tu."

"Na ile mama wa Mulongo?"

"Alishaondoka, anarudi Mulongo," Gisèle alisema, na akarudisha kioo upande wake.

Kule Fondasyo wazee walikuwa hawapo tena kwenye kivuli. Esdras alikuwa anakunja bendera. Tshilombo alipita moja kwa moja hadi chumba cha nyuma na kuweka kadi juu ya meza ya Madame Noémie.

"Madame, mulikosea. Muliweka foto ya Honorable fasi ya foto yangu."

"Hatukukosea." Alisukuma kadi kidogo kwa ncha ya kalamu. "Honorable njo analeta musaada. Mugonjwa akifika lupitalo, munganga akifungua mashini, anaona nani? Anaona mwenye kusaidia. Ni vile tulipanga."

"Lupitalo banakatala."

"Hawajazoea. Batazoea."

"Madame, ni kubonyeza tu. Mubonyeze."

"Unataka tutoe Honorable?"

"Nataka muweke minyi."

"Njo sawasawa, papa. Kukuweka weye ni kumutoa yeye. Akitoka kwa mumoja, atatoka kwa bote. Nani atabonyeza? Esdras?"

Mlangoni, Esdras alirudi nyuma hatua moja na bendera yake.

"Minyi?" Madame Noémie aliendelea, sauti bado chini. "Minyi niko na batoto, papa. Muntu atapiga simu, atamwambia Honorable, Noémie anafuta uso yako. Unajua byenye binafwata?"

"Na minyi nitakufa na uso ya nani?"

Madame Noémie alimtazama sasa vizuri, kwa mara ya kwanza, na alichoona hakikumpendeza.

"Benzako bote banyamaza. Bazee ba hapa, benyewe ba inchi, banyamaza. Weye wa kuya njo unaanza fujo? Hamukujifunza kitu ile mwaka?"

Jenereta ilizimika. Kwenye kimya kile walisikia tone. Mfuko ulikuwa umefurika, na tone lilitoka chini ya suruali, likadondoka juu ya kiatu, kisha lingine. Madame Noémie alivuta mkoba wake kutoka sakafuni na kuuweka mapajani. Halafu sauti yake ikawa tamu tena.

"Sikia. Kesho ukuye ku lupitalo asubuhi, na shati. Nitakuwa kule minyi mwenyewe, na munganga mukubwa. Usiseme na muntu. Tutakuangalia."

Alirudi nyumbani na maneno hayo mdomoni kama mtu aliyebeba yai. Munganga mkubwa. Madame mwenyewe. Mbelu alisikiliza, akaenda kulifua shati.

Lakini kabla ya asubuhi mpira uliziba. Hakikutoka kitu, hata damu. Tumbo lilifunga na kusimama, gumu, likang'aa kama ngozi ya ngoma iliyoanikwa motoni. Hakuweza kukaa, hakuweza kulala. Mbelu aliazima baiskeli kwa jirani, akampakia nyuma, akaisukuma mji mzima, na kila shimo la barabara Tshilombo alimwomba apite polepole, na kila alipopita polepole alimwomba aende mbio.

"Bima ya leo ni ya kweli?" Mbelu aliuliza akihema.

"Sukuma, mama."

Mlangoni mlinzi aliwatenganisha: wanaopita ni wenye mashati tu. Mbelu alibaki nje na baiskeli.

Ndani ya wodi walikuwa wametengeneza kitanda kimoja, cha kwanza upande wa dirisha. Shuka jipya, bado lina mikunjo ya dukani. Wagonjwa wengine walikuwa wamesukumwa kona ya mbali na mikeka yao. Wazee wa mashati walisimama foleni kando ya ukuta. Munganga mkubwa alikuwapo kweli, koti jeupe, chombo cha kusikilizia moyo shingoni. Madame Noémie alikuwapo. Na yule mpiga picha.

Mzee wa kwanza alivua viatu, akapanda, akafunikwa hadi kidevuni. Kadi iliwekwa juu ya shuka, uso ukiangalia juu. Munganga alimwekea mkono kwenye paji la uso. Picha. Mzee akashuka, akavaa viatu, akapewa sabuni. Wa pili akapanda.

Tshilombo alielewa akiwa bado kwenye foleni. Alielewa na hakutoka.

Zamu yake ilipofika, Esdras ilibidi amwinue miguu. Shuka lilikuwa na joto la wenzake. Munganga aliinama na tabasamu lake la kazi.

"Munganga," Tshilombo alisema kwa sauti ndogo. "Mupira imeziba. Tangu usiku. Guza."

Mkono wa munganga ulishuka kutoka paji la uso, ukapita chini ya shuka, ukafika tumboni. Ukasimama pale. Tabasamu lilibaki usoni lakini hakuna mtu tena nyuma yake. Alimgeukia Madame Noémie.

"Huyu inabidi afanyiwe sasa hivi. Iko na bima?"

"Iko na kadi."

"Ya foto gani?"

Madame Noémie alitazama saa yake, ambayo ilikuwa inatembea.

Munganga alitoa mkono chini ya shuka, polepole, kama anavyoutoa mtu aliyeutia kwenye mfuko usio wake. Aliurudisha kwenye paji la uso la mzee. Picha.

"Aksanti, papa," Esdras alisema. "Shuka."

Tshilombo hakushuka.

"Papa, shuka. Benzako banangojea."

Alikuwa ameshika chuma cha kitanda, huku na huku, na vidole vya mshonaji vina nguvu hata mwili ukiisha. Esdras alivuta bega. Kitanda kiligongana na ukuta. Kutoka kwenye mikeka ya kona wagonjwa waliinua vichwa. Infirmier aliitwa, akaja, akaanza kufungua mkono wa kushoto kidole kwa kidole. Alipofungua cha tatu, cha kwanza kilikuwa kimerudi.

"Minyi nimelala," Tshilombo alisema. "Munikute hapa. Munikatie hapa."

Mama aliyefuata kwenye foleni alikuwa ameshavua viatu. Alisimama navyo mkononi, kisha, kwa kuwa miguu ilimchoka, akakaa kwenye ukingo wa godoro, karibu na miguu ya Tshilombo, na kunyoosha kadi yake kifuani.

Mpiga picha alishusha kamera. "Madame, hii inakuwa mubaya. Anashika chuma."

Madame Noémie alipima kitanda kwa macho: mzee amelala, mama amekaa, munganga amesimama. Alisogea, akavuta shuka upande wa kulia, akavuta na upande wa kushoto, hadi mikono ya wote waliokuwa wakishindana ikafunikwa.

"Chukua foto ya bote babili," alisema. "Upande wa dirisha. Mikono isionekane."